Wiski ya rai bila pombe

SWALI: Tunaandaa harusi hapa Bukavu na wageni wengi hawanywi pombe. Tutumie nini badala ya wiski ya rai (rye) kwenye kokteli? Juisi ya tufaha imetoka tamu mno.

JIBU: Rai ni nafaka, na huko Marekani sheria inataka iwe angalau asilimia 51 ya nafaka za wiski hiyo. Ladha yake ni kavu, yenye viungo, na inachoma kooni. Juisi haina hata kimoja kati ya hivyo.

Yeyusha vijiko 2 vya sukari kwenye sufuria kavu hadi iwe kahawia iliyoiva. Mwagia nusu lita ya maji polepole, maana itaruka. Tia gramu 20 za tangawizi iliyopondwa, kijiko kidogo cha pilipili manga na karafuu 3. Zichemke taratibu dakika 10. Epua, weka gramu 10 za majani ya chai ya Kivu. Kwa mwinuko wa Bukavu maji huchemka karibu nyuzi 95, basi yaache majani humo dakika 5. Zaidi ya hapo chai inakuwa chungu. Chuja, ongeza vijiko vidogo 2 vya siki ya tufaha.

Ipoe mezani kabla ya friji. Ikipozwa ghafla hupoteza uangavu wake.

Kwa glasi moja: mililita 60 za mchanganyiko huu, 15 za limau, 15 za sharubati ya sukari. Tumia vipande vikubwa vya barafu, kwa kuwa kinywaji hiki huchujuka upesi. Na msidondoshe Angostura, yale matone machungu ya kutia ladha kwenye kokteli: ina pombe asilimia 44.7.