Barua kwa mwanangu: hiyo O umeitoa kwetu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma jana baada ya magharibi, nikaurudia mara tatu. Unasema kliniki ya wajawazito wamekupima na kadi imeandikwa kundi la damu O hasi, na mwenzako kazini kakwambia mama wa A chanya na baba wa B chanya, kama sisi, hawawezi kuzaa mtoto kama wewe. Ukaniuliza, kwa adabu zako zilezile, kama kuna jambo sijakwambia.

Hakuna, mwanangu. Baba yako ndiye baba yako. Nimelitanguliza hilo ili haya mengine uyasome moyo umetulia. Mwenzako amekosea. Nimefanya kazi maabara mpaka nikastaafu, nimeona nyumba zikivunjika kwa maneno kama hayo, na mpaka leo yananiuma.

Chukua kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Katika damu kila mtu ana doti yake, kipande kimoja kapewa na mama, kingine na baba. Naye akizaa, mtoto humkatia kipande kimoja tu, wala hachagui kipi. Kipande cha A kina maua yake, cha B kina yake, cha O ni kitupu. Mwenye maua ya A na kitupu, sisi maabara huona maua tu, tunaandika A. Mwenye A na B, yote huonekana, ndiyo AB. O huandikwa pale tu vipande vyote viwili vikiwa vitupu. Basi A yangu ina kitupu ubavuni, na B ya baba yako vilevile, nawe ukakatiwa hivyo viwili. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa O. Haya yanajulikana tangu zamani: makundi yenyewe aliyatambua Karl Landsteiner kule Vienna, akayaandika mwaka 1901, na mwaka 1924 Felix Bernstein akaeleza yanavyorithiwa. Ungeniambia mmoja wetu ni AB, hapo ningetaka vipimo virudiwe.

Hasi na chanya ni doti nyingine kabisa, ile ya alama ya damu iitwayo Rh, na chanya huifunika hasi. Mimi na baba yako kila mmoja amebeba hasi iliyofunikwa. Nafasi ya O na ya hasi kukutana kwa mtoto mmoja ni moja kati ya 16. Ni ndogo, lakini ndiyo wewe.

Baba yako nimemsomea ujumbe. Alinyamaza, kisha akasema, "Mdogo wangu si ni O?" Kweli, baba yako mdogo ni O, kwa hiyo wazazi wao wote wawili walikuwa na kipande kitupu cha kugawa. Upande wangu sihitaji hata kukisia. Bibi yako alipofanyiwa upasuaji uzeeni, mimi mwenyewe niliisoma karatasi yake: O hasi. Hakuwa na kingine cha kunipa.

Ile karatasi niliishika muda mrefu, mwanangu. Mama alizaa wanne. Mimi na mjomba wako tulizaliwa wazima. Wa tatu alizaliwa na manjano, akafa siku ya pili. Wa nne hakulia kabisa. Mtaani wakasema kafanyiwa hasadi, naye akaishi na neno hilo. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa damu, lakini ndivyo inavyokuwa: mama hasi akizaa mtoto chanya, damu ya mtoto humwingia, mwili wake unajifunza kuipiga vita, na watoto chanya wanaofuata ndio wanaoumia. Sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama usijifunze vita hiyo, ilianza kutumika duniani mwaka 1968. Wadogo zangu walikuwa wameshazikwa.

Kwa hiyo achana na mwenzako, shughulikia neno hasi. Rudia kipimo, maana kadi nazo huandikwa vibaya. Mume wako naye apimwe. Akiwa hasi, mtoto atakuwa hasi na hapana shida. Akiwa chanya, waambie kliniki mapema, wakupime kama damu yako imeshaanza kujenga kinga hiyo, na uulize sindano itapatikana wapi: moja kwenye wiki ya 28, nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Ukitokwa na damu kabla ya hapo, hata kidogo, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na mimba ikiharibika, Mungu apishe mbali, waulize siku hiyohiyo, huenda sindano bado ikahitajika.

Ikiwa huko haipatikani, niambie, niitafute huku mapema. Baba yako anauliza mume wako anapimwa lini. Nipigie siku hiyo, hata iwe usiku.

Mama yako