Muulize Sista: Mwamshe tu, zamu ni yake

Safari hii nimechagua barua tatu, zote zinahusu madaktari watarajali, hawa mnaowaita maintani. Mimi nilikuwa nesi wa leba, si daktari, kwa hiyo mtanivumilia nikijibu kinesi.

*Shikamoo Sista. Nimemaliza udaktari mwaka jana, sasa ni intani katika hospitali moja hapa Dar na nimeanzia idara ya uzazi. Usiku leba tunabaki mimi na manesi. Bingwa wa zamu yuko kwake, anaitwa kwa simu. Juzi nilimpigia saa nane usiku, akaniuliza, "Miaka mitano chuoni ulikuwa unasoma nini?" akakata. Tangu hapo nikitaka kumpigia nazunguka kwanza wodi nzima, muda unapotea. Halafu kuna sista mmoja mtu mzima ananigombeza mbele ya wagonjwa. Nifanyeje? – Intani, Dar es Salaam*

Marahaba, daktari wangu. Piga simu. Akifoka, afoke, zamu ni yake na anajua. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba hawezi kukusubiri upate ujasiri.

Ila nikuambie jambo ambalo yeye hatakuambia. Wengi wao hawakasirikii kuamshwa. Wanakasirikia kuamshwa wasielewe wameamshiwa nini. Nimesimama sana karibu na simu ya leba nikisikiliza. "Halo dokta, samahani sana kwa usumbufu, kuna mgonjwa hapa hali yake si nzuri." Si nzuri vipi? Kimya, faili linapekuliwa. Presha yake? "Ngoja nikapime." Hapo hata mimi ningekata.

Kabla hujabonyeza namba, faili liwe wazi mbele yako, na presha uwe umeipima mwenyewe sasa hivi, isiwe ile ya saa mbili usiku. Kisha sema: "Dokta, ni intani wa leba. Nina mama wa miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 36. Ameingia saa saba na nusu na presha 180 kwa 120, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, mkojo una protini. Nimempa dozi ya kuanzia ya magnesiamu na dawa ya kushusha presha, damu imeshakwenda maabara. Njia imefunguka sentimita 2. Naomba uje." Haifiki hata dakika moja. Na hilo la mwisho, naomba uje, usilimeze. Mtu aliyetoka usingizini usimwachie akisie unachotaka.

Akigusia dozi inayofuata ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, anataka mambo matatu: goti likigongwa linaruka, pumzi si chini ya 16 kwa dakika, na mkojo kwenye mfuko si chini ya mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi inasubiri. Mimi nilikuwa naweka kalsiamu glukoneti kwenye trei ileile, maana magnesiamu ikizidi inakaba pumzi na hiyo ndiyo dawa yake, na kabati la dawa lina tabia ya kufungwa na mtu aliyekwenda kunywa chai.

Simu ikikatika, andika kwenye faili: saa uliyopiga, ulichosema, ulichoagizwa. Asipopokea, andika hivyohivyo, kisha mtafute anayefuata kwenye orodha ya zamu. Kama orodha haijabandikwa ukutani, mwombe inchaji kesho asubuhi, usingoje usiku mwingine.

Sasa huyo sista. Amepokea makundi mengi ya maintani, na kila mkianza kuzoea mnahamishwa: uzazi, upasuaji, watoto, magonjwa ya ndani, mwaka umekwisha. Yeye anabaki, anaanza upya na wengine. Ukiingia zamu, shikamoo kwanza, udaktari baadaye. Na ukitoa damu, sindano iende kwenye sefti boksi, usiiache kwenye trei aje kuiokota yeye. Nijuavyo mimi, nusu ya ugomvi wa leba ni hizo sindano zenu. Akiendelea hata baada ya hapo, mvute pembeni, mwambie kwa adabu kwamba wagonjwa wakisikia hivyo watakataa uwaguse. Hilo atalielewa, kwa sababu ukikataliwa kazi inamrudia yeye.

*Sista, mwanangu sasa ni daktari, tunamshukuru Mungu. Lakini majirani wakija na vyeti vyao vya vipimo anawaambia waende hospitali. Jumamosi analala mpaka jioni. Kadi za michango ya harusi anaziweka tu mezani. Amepata kiburi? – Mama wa Daktari, Mbagala*

Hapana, mama. Chuo amemaliza, lakini Baraza la Madaktari Tanganyika limempa usajili wa muda tu, afanye kazi akisimamiwa mpaka mwaka wa utarajali uishe. Kumwandikia jirani dawa barazani kwako hakumo. Anayetaka kupimwa presha aende hospitali ya Rangi Tatu, ipo hapohapo Mbagala. Kuhusu michango, anachopata ni posho, na watu wa kamati za harusi wakisikia neno daktari wanaandika laki kabla hawajamuuliza. Mtetee. Jumamosi mfunikie chakula, usimwamshe. Huenda ametoka zamu asubuhi na kupanda mwendokasi akiwa amesimama.

*Sista, nimejichoma na sindano nikitoa damu. Mgonjwa hajapimwa. Naona aibu kumwambia mtu. – Intani wa wodi ya upasuaji*

Huyu nilimjibu kwa simu siku ileile. Jibu naliweka hapa kwa ajili ya wenzake.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usiminye kidole, usitie jiki. Mwambie mkuu wa zamu saa hiyohiyo, iandikwe, ukaanze dawa za kinga ya VVU. Mwisho ni saa 72, lakini kila saa ina maana, kwa hiyo usisubiri majibu ya mgonjwa. Akikubali kupimwa na ikaonekana hana, watakushauri kuhusu kuacha. La sivyo unameza kila siku kwa siku 28, hata zikikutia kichefuchefu. Aibu ya nini? Sijawahi kuona wodi ambayo hakuna aliyewahi kujichoma.

Halafu kuna homa ya ini B, ambayo kwa sindano huambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Chanjo yake ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Wewe ulinitajia moja tu, ya chuoni. Waambie hilo pia, wakuangalie, kisha ukamalizie zilizobaki.