Re: Bata mzinga wangu sita wote wanatanua mkia, dume ni yupi?

Mkuu umesema unao sita wa miezi mitatu, wote wanajitutumua, na jirani kakwambia basi wote ni madume. Huyo jirani msamehe tu. Mkia usiufuate kabisa, hata jike anatanua, hasa akiwa mdogo au wakigombea ukubwa bandani.

Mimi nilinunua watano maeneo ya Kibaha wakiwa wadogo, muuzaji akaniapia majike manne dume mmoja. Nikatengeneza viota nikaweka na maranda, nasubiri mayai. Mwezi wa saba hola, wa nane hola, wife akaanza kuliita banda kambi ya jeshi kwa zile ngumi zilizokua zinapigwa mle ndani. Kumbe jike ni mmoja tu na maskini mgongo wote umenyonyoka manyoya kwa kupandwa na wale wanne.

Sasa hivi mi naangalia kwanza kile kinyama cha juu ya mdomo. Dume akitulia au akijisikia kinashuka mpaka kinavuka mdomo kinaning'inia pembeni, cha jike kinabaki kifupi tu. Ila usimkimbize ukamkamata ndo uangalie, akiogopa kinasinyaa hata cha dume kinakua kama kipembe, hapo ndo nilipopigwa mimi, maana muuzaji alikua anawakamata mmoja mmoja ananionyesha "si unaona kafupi haka". Kaa mbali na kikombe chako cha chai uwatazame wakila.

Kama wako ni wale wa rangi ya shaba cheki manyoya ya kifuani, ya dume yanaishia na ncha nyeusi, ya jike yana kaukingo ka weupe kwenye ncha kwahiyo kifua kinaonekana kama kina magamba. Kwa weupe wote hii haikusaidii kitu. Kichwa nacho, jike anabaki na vinyoya vinavyopanda shingoni kwa nyuma, dume upara mtupu na anabadilika rangi nyekundu, bluu, nyeupe, kutokana na mudi yake.

Ndevu za kifuani, lile fungu la manyoya kama nywele ngumu, zinachelewa kuonekana na kuna majike wachache wanaota pia, so zisikupe presha. Ule mwiba wa mguuni (kipi) kama wa jogoo ni wa dume.

Alafu sauti. Ule mlio wa gologologolo ni wa dume tu, jike analia kwa mkatomkato. Wakishakomaa piga mluzi au bamiza mlango wa bati, madume yanajibu kwa pamoja kama kwaya, wewe hesabu tu.

Kwa miezi mitatu bado mapema, wape mpaka mitano hivi, usiuze wala kuchinja kwanza. Baadae dume mmoja kwa majike watano inatosha sana.

Wako ni rangi gani? Tupia picha za kifua hapa tuone.