Faili za kila usiku: WinSCP, FileZilla, au ile ya kununua?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika SACCOS moja hapa Morogoro. Tuna matawi matatu yenye kompyuta za Windows, na kila usiku kila tawi linatuma faili ya makusanyo ya siku, CSV ya megabaiti kama nne, kwenye seva yetu ya Ubuntu makao makuu. Mpaka leo tunatumia FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kutuma faili mtandaoni, na mkaguzi ameikataa. Meneja ameletewa profoma ya programu ya kulipia kila mwaka inayotumia FTPS. Mwenzangu anasema FileZilla, programu ya bure ya kutumia faili, inatosha, mimi nimezoea nyingine ya aina hiyo, WinSCP. Tuchague ipi? Umeme na intaneti ya matawini unavijua mwenyewe.

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mkaguzi wenu yuko sahihi, na meneja akikuuliza kwa nini, usimpe maelezo marefu, mwonyeshe. Niliwahi kukaa na mhasibu wa ofisi moja ambaye alikuwa haamini. Nikawasha Wireshark, programu inayoonyesha yanayopita mtandaoni, kwenye kompyuta yake mwenyewe, nikamwambia atume faili kama siku zote. Mistari miwili ikajitokeza kwenye skrini: USER na jina lake, kisha PASS na neno la siri, lile lile alilokuwa akifungulia barua pepe. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na huyu aliyetufungia rauta naye anaona hivi?" Anaona. Kanuni ya FTP tunayoitumia iliandikwa mwaka 1985 juu ya msingi wa miaka ya 1970, enzi ambazo waliokuwa mtandaoni walikuwa wachache na wanajuana. SSH, njia ya kuunganisha kompyuta kwa usimbaji, ilizaliwa kwa kisa cha aina hiyo hiyo: mwaka 1995 Tatu Ylönen, akiwa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, aliitunga baada ya mtu kutega mtandao wa chuo na kuzoa maneno ya siri ya watu.

Sasa, majina yasikuchanganye. FTPS ni FTP ile ile iliyovikwa TLS, yaani usimbaji ule wa tovuti za https. SFTP haina undugu na FTP zaidi ya herufi, kwani inapita ndani ya SSH. Kwenu tofauti inaonekana kwenye rauta. SFTP inataka poti (mlango wa mtandao) moja tu, ya 22. FTPS inataka ya 21 au 990, na juu yake fungu zima la poti za kupitishia faili zenyewe. Na kwa kuwa mazungumzo yamesimbwa, faiawoli haiwezi kusoma ni poti ipi imeombwa ili iifungue kwa wakati. Nimeshapoteza siku nzima kwenye jambo hilo, sikutakii. Ubuntu yenu tayari ina OpenSSH, programu ya bure ya SSH yenye SFTP ndani yake, au inaipata kwa amri moja, kwa hiyo upande wa seva hakuna cha kununua. Ile profoma mrudishie mwenyewe kwa adabu. Programu za kulipia zina mahali pake, kwa mfano mnapotuma kwa benki inayodai mfumo fulani kwa jina, au mnapokuwa na mamia ya watumiaji wa kusimamiwa kutoka sehemu moja. Matawi matatu hayajafika huko.

Kuhusu kuchagua, mimi huanza na swali hili: nani atakuwa ameshika kibodi? Saa tano usiku tawini hakuna mtu. Kazi hiyo usiipe programu yenye madirisha na vitufe, ipe amri ya sftp ya OpenSSH ambayo Windows 10 inakuja nayo tangu 2018. Fungua dirisha la amri, andika sftp, utaiona ipo. Inasoma maagizo kutoka kwenye faili kwa -b, na agizo moja likishindwa inasimama na kurudisha namba ya kosa, kwa hiyo skripti yako inajua kwamba mambo yameharibika. Kazi ya mchana, ya mtu anayetaka kuona folda na kuburuta faili, mpe WinSCP. Ni ya bure, ina historia tangu 2000, na umeshaizoea, jambo ambalo si dogo.

FileZilla si mbaya. Ninachomlaumu nacho mwenzako ni viwili. Kwanza, maneno ya siri unayohifadhi inayaandika kwenye sitemanager.xml kwa base64, namna ya kuandika isiyo usimbaji, ambayo mtoto wa sekondari anaifungua, isipokuwa uwe umeweka neno la siri kuu kwenye mipangilio. Pili, faili ya kusakinishia ya Windows imekuwa ikija na programu za ziada za matangazo, na mtu wa tawini anayebofya "Next" bila kusoma ataziingiza zote. Nawe uliyezoea WinSCP usikae kwa raha sana. Aprili 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walitangaza kasoro kwenye PuTTY, programu ya SSH ya Windows, ambayo WinSCP na FileZilla zilikuwa zinatumia msimbo wake. Ufunguo wa kuingilia (faili ya siri inayotumika badala ya neno la siri) wa aina ya ECDSA P-521 uliweza kukokotolewa kutoka kwenye saini 60 hivi. Toleo lako la WinSCP liwe 6.3.3 au jipya zaidi. Kama uliwahi kutumia ufunguo wa aina hiyo na toleo la zamani, kusasisha programu hakuuponyi ufunguo: uondoe kwenye seva, utengeneze mwingine wa aina ya ed25519.

Lakini hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, maana hata programu nzuri huharibiwa hapa. Mara ya kwanza unapounganisha, WinSCP au sftp itakuonyesha alama ya kidole ya ufunguo wa seva, mstari unaoanza na SHA256, na kuuliza kama unaikubali. Watu wote wanabofya ndiyo. Ukikubali bila kulinganisha, aliyejiweka katikati ya njia anapokelewa kama seva yenu, na usimbaji wote unakuwa kati yako na yeye. Kaa kwenye seva yenyewe, andika:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Chapisha mstari huo, nenda nao tawini mfukoni, linganisha herufi kwa herufi. Matawi matatu, safari tatu, basi.

Na kuna mtego wa Windows unaowapotezea wengi usingizi. Unakubali ufunguo ukiwa umeingia kwa jina lako, kila kitu kinafanya kazi, unaipanga kazi kwenye Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows, na usiku inashindwa: "Host key verification failed". Kazi ile inaendeshwa na akaunti nyingine, yenye orodha yake ya seva zinazojulikana, na orodha hiyo ni tupu. Ukitafuta dawa utaambiwa uweke StrictHostKeyChecking=no, yaani isikague ufunguo wa seva. Usiweke, ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekusumbua. Tengeneza akaunti moja ya kazi hiyo, ingia kwayo mara moja, ulinganishe, ukubali, uondoke.

Umeme je? Nimeona mfumo mmoja ukipokea nusu ya faili, ukaisoma kama faili kamili, na asubuhi hesabu za tawi zikawa pungufu bila yeyote kuona kosa popote. Dawa yake ni kutuma kwa jina la muda, kisha kubadilisha jina mwishoni:

put makusanyo.csv makusanyo.csv.part
rename makusanyo.csv.part makusanyo.csv

Weka tarehe kwenye jina, na mfumo wa makao makuu usiguse chochote kinachoishia na .part. WinSCP hufanya hivi yenyewe kwa faili zinazozidi kilobaiti 100, kwa kiambishi .filepart. Ipo pia reput ya kuendelea pale ulipokatikia, ila yenyewe inaamini kwamba kipande kilichofika ni mwanzo wa faili ile ile. Kama tawi limeitoa upya CSV katikati, utapata chotara. Kwa megabaiti nne, anza upya tu, bando halitaisha.

Ufunguo wa kazi ya usiku hauwezi kuwa na neno la siri, kwani hakuna wa kuliandika. Basi ufungie kwenye seva. Kila tawi liwe na mtumiaji wake ndani ya kundi moja, na kwenye sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH ya seva, mfungie ndani ya folda yake:

Match Group matawi
    ChrootDirectory /srv/sftp/%u
    ForceCommand internal-sftp
    AllowTcpForwarding no
    PasswordAuthentication no

Folda ya /srv/sftp/tawi1 lazima imilikiwe na root, msimamizi mkuu wa seva, na isiandikike na mwingine yeyote, na ndani yake utengeneze folda ndogo, tuseme "pokea", inayomilikiwa na mtumiaji wa tawi, na faili zitumwe humo. Ukimpa tawi umiliki wa folda ya juu, muunganisho unakatika papo hapo, na upande wa Windows hautakuambia sababu. Sababu iko kwenye logi (daftari la matukio) ya seva: "bad ownership or modes for chroot directory". Endesha sshd -t, inayokagua mipangilio, kabla ya kuwasha upya huduma, na usifunge dirisha ulilonalo mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

Ziendeshe njia zote mbili, FTP ya zamani na SFTP mpya, kwa pamoja kwa wiki mbili. Kisha angalia logi ya FTP. Jina la mtumiaji likiendelea kuonekana humo, kuna kompyuta umeisahau, mara nyingi ni ile ya zamani ya kaunta. Zikinyamaza zote, zima huduma ya FTP, funga poti ya 21 kwenye rauta, na ubadilishe kila neno la siri lililowahi kupita humo, pamoja na la meneja.