Mwanangu, hesabu sehemu kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salaam sana. Swali lako nimelipata: kwa nini katuni ya The Legend of Korra inaanza upya kila msimu, ilhali Avatar: The Last Airbender, iliyoitangulia, ni safari moja tangu mwanzo hadi mwisho? Umeuliza pia kama wa kulaumiwa ni kituo, yaani Nickelodeon, au ni waandishi. Kwa kuwa na wewe unaandika muendelezo wako wa katuni, nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Anza na idadi ya sehemu. Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, waliobuni katuni zote mbili, walikuwa na ramani ya vitabu vitatu, yaani misimu mitatu, kwa ajili ya Aang, mhusika mkuu wa Avatar, wakaimaliza kwa sehemu 61 kati ya 2005 na 2008. Ndiyo maana Zuko, mwana wa mfalme aliyekuwa akimwinda Aang, aliweza kumsaliti ami yake mwishoni mwa msimu wa 2, akazunguka na kosa hilo hadi katikati ya msimu wa 3, ndipo akajiunga na Aang. Mabadiliko ya namna hiyo yanakula sehemu nyingi.

Korra, Avatar anayemfuata Aang, alianza na agizo la sehemu 12 tu kutoka kituoni, hadithi fupi yenye mwisho wake. Baadaye zikaongezwa 14, kisha 26, jumla 52. Sasa itazame tena sehemu ya mwisho ya msimu wa 1, uone agizo lile lilivyofanya kazi. Amon, adui wa msimu huo anayewaongoza watu wasio na nguvu hizo, anamnyang'anya Korra nguvu za kutawala maji, ardhi na moto. Katara, mganga na mjane wa Aang, anajaribu kumponya, anashindwa. Korra anaenda kulia peke yake juu ya jabali, roho ya Aang inamtokea na kumrudishia kila kitu, naye Korra anamrudishia nguvu zake Lin, mkuu wa polisi aliyenyang'anywa pia, basi. Msiba uliostahili kubebwa msimu mzima unafutwa kwa dakika chache, kwa sababu hadithi ilibidi ifungwe pale pale.

Lakini si kila kitu ni cha kituo. Kujaza pembetatu ya mapenzi ya Korra, Mako na Asami, pamoja na mashindano ya uwanjani, ndani ya sehemu 12 kulikuwa uamuzi wa waandishi. Walichopoteza kwa uamuzi huo ni swali zito kuliko yote: haki ya wasio na nguvu za kutawala maji, ardhi, moto au hewa. Amon anapofichuliwa kwamba mwenyewe anatawala maji, swali hilo linazikwa pamoja naye. Msimu wa 2 unatukuta tayari na rais aliyechaguliwa, na hatuonyeshwi mji ulifikaje hapo. Mimi hapo siwatetei.

Msimu wa 2 ulibadilisha hata mikono. Ule wa kwanza waliuandika wawili wenyewe. Sasa waandishi wengine waliingia. Uchoraji nao uligawanywa: Studio Pierrot ya Japani sehemu kadhaa, Studio Mir ya Korea Kusini nyingine, zikiwemo zile mbili za Avatar wa kwanza, Wan. Jicho linaona tofauti.

Misimu ya 3 na 4 iliagizwa kwa pamoja, na hapa ndipo jibu lako lilipo. Zaheer, adui wa msimu wa 3, na wenzake wanamtilia Korra sumu, msimu unaisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na wa 4 unafunguka miaka mitatu baadaye bado hajapona. Waandishi ni wale wale waliofuta jeraha la kwanza haraka haraka. Safari hii walijua kuna sehemu 13 nyingine mbele.

Mwaka 2014 nakala za Kihispania za baadhi ya sehemu za msimu wa 3 zilivuja, kituo kikaharakisha kuurusha msimu huo, kisha kikauondoa kwenye televisheni baada ya sehemu 8, zilizobaki zikawekwa mtandaoni. Hilo liliumiza idadi ya watazamaji kuliko hadithi. Kilichogusa hadithi ni bajeti ya msimu wa 4 kupunguzwa kwa kiasi cha sehemu moja. Ama wapunguze wafanyakazi, ama waunganishe sehemu kwa vipande vya zamani. Wakachagua vipande, ndiyo sehemu ya 8 unayoiona imekaa vibaya. Naiheshimu kwa sababu iliokoa ajira za watu.

Kwa hiyo kwenye mswada wako, andika juu ya ukurasa wa kwanza idadi ya sehemu ulizohakikishiwa, si unazozitumainia. Adui wa msimu amalizwe ndani ya idadi hiyo. Jeraha la mhusika mkuu liache wazi, ila liwe la aina ambayo hata msimu usipoongezwa mtazamaji ataridhika kuliacha hapo. Na tayarisha mapema sehemu moja ya gharama ndogo: wahusika wawili, chumba kimoja, mandhari ambayo tayari imechorwa. Iandike vizuri kama nyingine, iwe na siri inayofichuka humo tu, ili pesa zikipungua usilazimike kurudia picha za zamani.

Nitumie muhtasari wa sehemu tatu za mwisho kabla hujaanza kuandika mazungumzo.

Mzazi wako