Barua kwa mwanangu: muulize aliyefeli

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mama. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nne, mara ya kwanza nilikuwa kwenye daladala nikapitishwa kituo. Umeniuliza hivi: ile Hesabu ya kozi yako ya mitambo huko Ujerumani umeshaifeli mara mbili, imebaki mara moja tu, je uifanye hiyo ya tatu au ubadilishe kozi mapema kabla hawajakutoa. Unataka nikwambie moja, hili au lile. Nivumilie, nitafika huko.

Kwanza na mimi nikuulize. Umemwambia nani? Huko huko chuoni namaanisha, mimi na baba yako usituhesabu. Manake nimeupitia ujumbe wako wote mstari kwa mstari, kuna portali, kuna tarehe ya mwisho, kuna kanuni, jina la mtu hamna hata moja.

Ile PDF ya kanuni za mitihani uliyonitumia nimeisoma yote. Nilikaa na simu usiku natafsiri kipande kwa kipande baba yako kalala. Nimeelewa chuoni kwenu mtihani mmoja unapewa nafasi tatu, ukianguka ya tatu ndo basi, wanakufuta, na kozi hiyo hiyo huwezi kwenda kuisoma chuo kingine huko Ujerumani. Hilo ndo lilinikosesha usingizi. Hapa kwetu mtu anadisko chuo hiki, mwakani unamkuta chuo kingine anaanza mwaka wa kwanza na maisha yanaendelea, huko wanafunga mlango na madirisha. Na nimeelewa kwamba ukiondoka mwenyewe kabla ya hiyo ya tatu haufungwi namna hiyo, ndo maana unawaza kubadilisha, sio woga, umefikiria vizuri. Ila kanuni yenyewe umeijua lini? Umesema mwenyewe, baada ya kufeli mara ya pili.

Sikulaumu. Wewe umetoka kwenye mfumo unaomshika mtoto mkono. Form six mwalimu anakujua kwa jina na kwa ukoo, kuna moko, kuna pre-NECTA, usipokuja prep mtu anakufuata bwenini. Hata vyuo vya hapa una test one, una test two, coursework 40, UE 60, ukianza kuzama unajijua mapema. Huko unasema muhula mzima hamna test, hamna anaesaini mahudhurio, kujiandikisha mtihani unajiandikisha mwenyewe kwenye portali, halafu unaingia siku moja tu na siku hiyo ndo maksi zako zote. Mtu anaweza kuzama miezi sita na nywele zake kavu.

Na lile la 5,0 bado linaniuma, leo nalisema. Uliposkrinishoti matokeo ya kwanza ukatuma kwenye grupu la familia, Hesabu 5,0, baba yako alisimama. Kwetu GPA ya 5.0 ndo kileleni. Kwa Warusi tulikosomea sisi 5 ndo kileleni. Jumamosi akaenda kusema jumuiya, watu wakashukuru Mungu, mama Deo akapiga vigelegele. Na wewe ukaona zile emoji za makofi zote ukanyamaza. Miezi miwili, Neema! Tumekuja kujua kwa Wajerumani 1,0 ndo ya juu na 5,0 ndo kufeli kwa sababu mdogo wako aliingia kusoma. Baba yako hajawahi kukwambia neno, ila jumuiya zilizofuata mbili hakwenda.

Sijakuandikia nikutoneshe kidonda. Nakuandikia kwa sababu nakujua huko kunyamaza, umekutoa kwangu.

Leningrad habari zake nyingi umesikia, ile safari ya treni, na vile niliingia Muungano wa Kisovieti nikatoka Urusi, niliingia Leningrad nikatoka Saint Petersburg, jiji lile lile. Hii ya kemia sijawahi kuwasimulia.

Nilifika 1985, mwaka mzima wa lugha, 1986 nikaanza udaktari wenyewe. Mtihani wa kemia ulikuwa Januari 1987, na Januari ile ilikuwa ya baridi kali mno, zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, pua inaganda ndani. Mitihani yao ilikuwa ya mdomo. Unaingia chumbani, mezani kuna bileti, vikaratasi vya maswali, zimelazwa kifudifudi, unachagua moja, unasoma namba kwa sauti, unapewa muda unajiandaa kwenye karatasi, halafu unaenda kukaa uso kwa uso na mwalimu. Mimi nilikuwa nimekariri daftari zima. Kwa Kirusi! Nilikuwa naijua kama sala ya Baba Yetu, mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Nikaokota bileti, swali la kwanza bafa, vile vitu vinavyozuia asidi isizidi. Nikafurahi, nikaanza kumwaga.

Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, kajifunga shali mabegani. Akanisikiliza kidogo akaweka kiganja juu ya meza, taratibu, hivi, kama unavyomtuliza mtoto. Akasema vizuri, sasa niambie kuhusu damu. Nikarudia ile sentensi yangu kutoka mwanzo. Akasema hapana, nimekwelewa, mtu amekimbia kapandisha ngazi, ndani ya misuli yake asidi inatengenezwa, kwa nini damu yake haiwi chachu? Mwanangu, mimi hilo jibu nilikuwa nalo kichwani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha form six, kwa Kirusi nilikuwa na daftari tu. Nikakaa kimya. Akachukua zachotka yangu, kile kijitabu chao cha alama, akakifungua, akakifunga, akanirudishia. Hakuandika kitu.

Nikatoka na furaha. Nilikifungua koridoni nikaona pale kwenye kemia patupu, nikajua basi amenihurumia, ameahirisha, nitaitwa. Nyumbani ukila sapu si unabandikwa ubaoni? Mimi ubao nilipita kila siku, jina langu sikuliona. Likizo ya baridi ikaja nikaila yote, tukapika pelmeni na wenzangu, nikaandika barua kwa bibi yako nimefaulu, kemia tu bado wananiitia.

Februari, usiku, Lan ananiuliza napravlenie yako iko wapi. Lan ni yule Mvietnamu wa kwenye picha ya sebuleni, tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Napravlenie gani? Kikaratasi cha dekanati, ile ofisi ya kitivo, akasema, cha kurudia mtihani, muda wake unakaribia kuisha. Nikamwambia mimi sijafeli bwana, tazama, nikafungua zachotka nikamwonyesha pale patupu. Akaniangalia kwa huruma, naikumbuka sura yake hadi leo. Akasema, mbili haiandikwi humo. Patupu ndo mbili yenyewe.

Wao alama zinaanza tano, nne, tatu, mbili ni kufeli, na mbili inaandikwa kwenye orodha ya ofisi tu, kwenye kijitabu cha mwanafunzi hawaiandiki. Kila Mrusi anajua, anazaliwa anajua. Mgeni nani amwambie? Kesho yake asubuhi nilikuwa dekanati kabla hawajafungua.

Na hiyo wala sio inayouma. Inayouma ni hii. Kulikuwa na kaka mmoja wa kwetu, mwaka wa tatu, kila asubuhi tunakunywa chai naye, na ile zachotka nilishamwonyesha. Alikuja kunambia baadae kabisa, mimi nimesharudia na nimepita, kwamba na yeye ilimkuta hiyo hiyo mwaka wake wa kwanza. Nikamuuliza kwa nini hukunambia? Akasema, hukuniuliza, na mimi niliona aibu. Unamjua. Ni huyo huyo unayemwita Anko, aliyesimama kwenye sendofu yako akakwambia soma kwa bidii mengine yatakuja yenyewe. Nilikuwa nimeshika sahani, nilitamani kusimama niseme hapana, hayaji yenyewe.

Ndo maana nasema kila siku na mnanicheka humu ndani: usimuulize aliyefaulu, muulize aliyefeli. Aliyefaulu barabara haijui, amepita tu. Aliyefeli anajua kila shimo liko wapi. Lan alijua kuhusu kile kikaratasi kwa sababu yeye mwenyewe alishakuwa nacho mkononi.

Sasa nirudi kwako. Umenambia kwamba baada ya matokeo kuna siku mwanafunzi anaenda kuiangalia karatasi yake iliyosahihishwa, Einsicht mnaiita. Ukasema hukwenda, mara zote mbili. Nimeelewa, sisi tumelelewa karatasi ya NECTA ikishakusanywa huioni tena mpaka unakufa, kwenda kuidai unaona kama unagombana na mwalimu. Ila huko ni haki yako. Sasa utaamuaje kama Hesabu haiwezekani wakati hujui ulidondokea wapi? Inawezekana ni mada moja tu. Inawezekana hesabu unazijua, lugha ndo inakuangusha kama mimi na damu yangu, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Na ile ofisi ya wanafunzi wa kitivo chenu, Fachschaft, ile uliyosema unapita mlangoni wanakunywa kahawa wanacheka unaona noma kuingia. Humo ndo kuna mitihani ya miaka ya nyuma. Humo kuna aliyefanya mara ya tatu akapita, na pengine kuna aliyehama mitambo akaenda kozi nyingine. Mtafute mmoja mmoja, na huyo aliyehama muulize na ya kibali cha kuishi, alianzia ofisi gani kabla hajahama.

Unataka jibu langu. Ninalo, Neema, liko hapa kwenye ulimi. Kuna siku naamka nasema aifanye, mtoto huyu wa fizikia tangu form one, atakimbiaje sababu ya somo moja. Mchana nafikiria zile euro 11,904 za akaunti ya kufungia, zile tulizoziweka benki upate viza, unatoa 992 kila mwezi, na kiwanja cha Kibaha, halafu naona aibu, manake uamuzi wako usipimwe kwa kiwanja, kiwanja tuliuza sisi kwa hiari yetu. Nasema kisikusumbue na nimekitaja mwenyewe, basi kinanisumbua mimi. Jioni nasema abadilishe, kuna ubaya gani. Nimemuahidi baba yako sitakwambia la kufanya, ameniapisha, kasema tukimchagulia akianguka atakuwa ameanguka kwa ajili yetu. Ana haki. Ila uniulize tena ukishatoka kwa hao wawili, hapo sijui kama nitaweza kujizuia.

Umesema Fachschaft wanafungua Jumatano. Ukitoka nipigie hata usiku, sisi tuko mbele saa mbili tu na mimi silali mapema.

Zachotka yangu nimeitafuta jana, iko kwenye sanduku la bati chini ya vitenge vya bibi yako, kona moja imeliwa na panya. Kwenye kemia pana tatu na tarehe ya Februari, wino umefifia. Nitakupigia picha kesho kukiwa na mwanga.

Mama yako