Vyungu vya Stüler vilibebaje sakafu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Ninasomea ujenzi, mwaka wa pili. Nimesoma kwamba jumba la makumbusho la Neues Museum, Berlin, lina dari na sakafu zilizojengwa kwa vyungu vya udongo. Je, ndiyo asili ya slabu zetu (sakafu za zege za ghorofa) za matofali yenye matundu? Na Stüler aliyelibuni alikuwa na lake, au alifuata tu nyayo za Schinkel, mbunifu mkuu wa Berlin kabla yake?

JIBU: Marahaba. Vyungu vile na matofali ya slabu yako vinafanana kwa wepesi tu. Katika slabu yako tofali ni la kujazia nafasi. Anayebeba ni ubavu, yaani mhimili mwembamba, wa zege wenye nondo. Kwa Stüler hakuna zege wala nondo. Vyungu vimepangwa kwa umbo la tao, vimeshikwa kwa mota, na vinabeba wenyewe kwa kubanana. Udongo wa kuchomwa hupenda kubanwa na huchukia kuvutwa, kwa hiyo ukivipanga vilevile bila upinde, sakafu itashuka na watu wake.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Sababu iko chini ya ardhi. Kiwanja kipo kwenye kisiwa cha mto Spree, na udongo wake ni laini. Ilibidi wapigilie magogo zaidi ya 2,300, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 18, na mashine ya mvuke ikatumika katika kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 mashine kama hiyo kwenye kiwanja cha ujenzi ilikuwa kioja. Na juu ya msingi wa namna hiyo Stüler alitakiwa kusimamisha ghorofa tatu, maana kiwanja kilikuwa chembamba.

Sasa chukua kalamu. Tao lenye mzigo uliosambaa sawasawa husukuma kuta pembeni kwa nguvu H = wL²/8h: w ni mzigo kwa kila mita, L ni upana wa nafasi, h ni kimo cha tao. Ukipunguza w kwa nusu, H nayo inashuka kwa nusu. Ukuta unaweza kuwa mwembamba, na magogo yanapumua. Chungu kitupu ni hewa iliyozungukwa na udongo. Hapo ndipo penye faida yote.

Wazo lenyewe ni la kale. Kuba la kanisa la San Vitale kule Ravenna, la karne ya 6, lilijengwa kwa mirija ya udongo, na mwishoni mwa karne ya 18 mbunifu John Soane alitumia vyungu kwenye Benki Kuu ya Uingereza mjini London. Hapo Stüler hakuvumbua kitu.

Lake lilikuwa kuoanisha vyungu na chuma cha kiwandani. Kwenye ghorofa ya juu utakuta mihimili yenye umbo la upinde na uzi wake, kutoka karakana ya Borsig palepale Berlin. Upinde ni chuma cha kumimina, ambacho huvumilia kubanwa. Uzi ni chuma cha kufuliwa, ambacho huvumilia kuvutwa. Uzi unameza ule msukumo H, ukuta haupati teke. Kila metali imepewa kazi inayoiweza, nami sijaona mfano mzuri zaidi wa kumfundishia mwanafunzi.

Kuhusu Schinkel: Stüler alizaliwa Mühlhausen mwaka 1800, akaanza kazi chini yake mwaka 1827. Schinkel alifariki 1841, na mwaka uliofuata mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prussia akamfanya Stüler mbunifu wake. Baadaye alibuni makumbusho ya taifa ya Stockholm na jumba la Akademia ya Sayansi ya Hungaria mjini Budapest. Kwa sura ya nje ni mwanafunzi mtiifu, wakati mwingine mtiifu kupita kiasi. Ujasiri wake umo darini, na hata huko alikipamba chuma kiasi kwamba mgeni anaweza kupita asijue kinachofanya kazi juu ya kichwa chake.

Jumba lilipigwa mabomu kwenye vita vya pili vya dunia, likabaki gofu kwa miongo kadhaa, likafunguliwa tena 2009 baada ya ukarabati wa mbunifu David Chipperfield. Ukipata picha za ukarabati huo, tazama zile za kabla ya lipu kurudishwa: midomo ya vyungu inaonekana wazi, nawe utaweza kufuata mwenyewe njia ya mzigo hadi kwenye mhimili.